Mwanamke wa Kwenye Machela

Kwa miaka thelathini Dafroza Gaudiosus alimtafuta mwanaume mmoja ili amwambie asante. Hakujua jina lake wala kijiji chake. Alijua mambo mawili tu: kwamba alikuwa mpasua mbao, na kwamba mara ya mwisho alipomwona alikuwa na buti mguu mmoja.

Ilikuwa Aprili 1995, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Dafroza, wakati huo mwenye miaka ishirini na sita, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza alfajiri, mvua ikinyesha. Hadi saa tano mtoto alikuwa bado amekaa vibaya na mkunga wa kijiji akasema yeye amefika mwisho wa uwezo wake. Kutoka nyumbani kwao Chonyonyo hadi hospitali ya misheni ulikuwa mwendo wa karibu saa nne kwa miguu, na siku hiyo hakuna gari ambalo lingepita kwenye ule utelezi.

Wakaitwa watu wa engozi. Engozi ni machela ya kusuka kwa fito na kamba, yenye mipini miwili mirefu inayokaa mabegani mwa wabebaji. Kila kitongoji kilikuwa na yake, na kila kaya ilikuwa na zamu. Lakini siku hiyo wanaume wengi walikuwa mazishini kijiji cha pili, wakapatikana wanne tu: Gaudiosus mume wa Dafroza, jirani yao Ndyamukama, na vijana wawili. Karibu nusu ya njia, kwenye mteremko wa kuingia bondeni, mmoja wa vijana hao, Elick, aliteleza akateguka kifundo cha mguu.

Watatu hawawezi kubeba machela. Waliiweka chini kwenye nyasi zenye maji, na Gaudiosus akaanza kupiga kelele kuelekea mlima wa upande wa pili, ambako hakukuwa na nyumba. Ndipo alipotokea mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye mfuko wa zana mgongoni. Hakuuliza aliyelala pale ni nani.

"Mimi mpasua mbao," alisema. "Mabega haya yamezoea."

Akaingiza bega chini ya mpini wa nyuma, upande wa kushoto. Kwenye kinamasi buti lake la kulia lilizama. Aliendelea na lililobaki hadi hospitali, akakabidhi mpini, na wakati Gaudiosus akihangaika na wauguzi, akaondoka. Jioni ile Dafroza alifanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa msichana, wakamwita Benitha.

Gaudiosus aliwauliza wapasua mbao wote aliokutana nao, akafariki mwaka 2019 hajampata. Nyumbani kwao sala za jioni zilimalizika kwa kumwombea "yule wa buti moja." Benitha anasema hadi alipofika darasa la tatu aliamini kwamba huyo ni mtakatifu, na alikuwa akimtafuta kwenye kalenda ya kanisa.

Benitha sasa ana miaka thelathini na anafundisha Kiswahili katika sekondari moja mjini Kayanga. Jumamosi moja ya Julai mwaka huu alimpigia mama yake simu mapema, akamwambia avae gauni la Jumapili aje mjini. Kulikuwa na maonyesho ya sanamu, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho.

"Sanamu za nini?"

"Za miti, Mama. Zimechongwa."

"Za kuuza?"

"Za kutazama."

"Niache kuanika kahawa nije kutazama miti. Hapa nimezungukwa na nini?"

"Mama, njoo. Nitakununulia soda."

Alikuja. Kufikia saa nne alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa mikutano, kitenge kipya begani, akizitazama sanamu kumi na saba kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Sanamu zote zilikuwa za mchongaji mmoja, Ainebyona, mwenye miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kimuli, wilayani Kyerwa. Aliyewaongoza wageni alikuwa Rwezaura, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mtu mpole mwenye sauti ya darasani na fimbo nyembamba ya kuelekezea. Alikuwa na kikundi cha watu kama kumi na wawili. Benitha na mama yake wakajiunga nao mbele ya sanamu ya kwanza, kichwa cha mwanamke asiye na mdomo.

"Hapa," alisema Rwezaura, "msanii anatuonyesha ukimya wa mwanamke. Ana macho ya kuona, ana masikio ya kusikia, lakini jamii imemnyima mdomo. Au mnaonaje?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Dafroza akainama sikioni mwa binti yake. "Labda mti uliisha."

"Mama!"

"Nimesema labda."

Nyuma yao mtu alicheka. Alikuwa kijana mwembamba aliyevaa ovaroli, ameketi kwenye stuli karibu na dirisha. "Mti ulipasuka, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hapohapo penye mdomo. Nikalainisha nikaacha." Hivyo ndivyo Dafroza alivyomfahamu mchongaji.

Rwezaura hakusikia, au alijifanya hakusikia, na kikundi kikasogea. Palikuwa na kichwa cha fahali kilichoundwa kwa majembe chakavu, na mwanaume aliyekumbatia mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yeye. Dafroza alianza kufurahia. Mbele ya yule wa mkungu alieleza, bila kuulizwa, kwamba huyo mtu ameiba, kwa sababu mwenye shamba hukata mkungu akauweka begani, haukumbatii. Wanawake wawili wakacheka kwa nguvu. Rwezaura aliandika kitu kwenye daftari lake.

Sanamu ya tisa ilikuwa katikati ya ukumbi, kwenye meza yake peke yake. Ilichongwa kwa mti wa mfenesi, ule wa manjano unaogeuka kahawia ukikaa, na kutoka mbele hadi nyuma ilizidi kidogo mita moja na nusu. Watu wanne, kila mmoja wa kimo cha dhiraa moja, walikuwa wamebeba machela mabegani. Juu ya machela palikuwa na umbo la mtu aliyelala, amefunikwa shuka kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa. Mbebaji wa mbele kulia alikuwa na kitu kama kisanduku kifuani. Wa nyuma kushoto alikuwa na buti mguu mmoja, mguu mwingine ukiwa mtupu, vidole vimetawanyika. Kibao kidogo mezani kilisomeka: *Tulichelewa.*

Benitha alisoma kibao, akatazama shuka, akasogea ili mama yake aone vizuri. Hakuwa ametazama miguu bado.

"Hii ndiyo kazi kubwa ya maonyesho haya," Rwezaura alisema. "Ni mazishi. Lakini ni mazishi ya nani? Angalieni hatua zao. Huyu ametanguliza mguu wa kulia, huyu wa kushoto, huyu ameinua kisigino, yule ndiyo kwanza anakanyaga. Hakuna wawili wanaokwenda pamoja. Msanii anatuambia umoja wetu umekufa, na tunauzika sisi wenyewe, kila mtu kwa mwendo wake. Huyu wa mbele amebeba Biblia kifuani, au pengine ni moyo wake. Na huyu wa nyuma, tazameni: mguu mmoja umo katika usasa, mwingine umebaki katika mila."

Ilikuwa tafsiri nzuri. Watu walipiga picha kwa simu. Dafroza alikuwa ameshaizunguka meza mara moja na alikuwa akiizunguka mara ya pili. Kisha akachuchumaa, kitenge chini, macho yakiwa sawa na miguu ya wabebaji.

"Samahani, mwalimu," alisema kutoka hapo chini. "Hawa hawabebi maiti."

"Karibu, mama. Tueleze."

"Watu wa engozi hawaendi hatua moja. Wakienda hatua moja kama askari, machela inarukaruka, mgonjwa anaumia. Kwa hiyo kila mmoja anavunja hatua ya mwenzake. Wanafundishwa hivyo tangu vijana. Hatua zikikaa tofauti, machela inatulia kama maji kwenye beseni." Akanyoosha kiganja, akakipeleka hewani taratibu. "Maiti hasumbuki kurushwarushwa. Hawa wanambeba mtu anayesikia maumivu."

Rwezaura alitazama miguu ile kwa muda, na ni sifa yake kwamba hakubisha. "Nimeishi Bukoba mjini maisha yangu yote," alisema. "Hilo sikulijua."

"Lakini shuka imefunika uso," Dafroza aliendelea. "Mgonjwa hafunikwi uso. Kwa hiyo miguu inasema mgonjwa, shuka inasema maiti. Aliyechonga hakuamua."

"Pengine ameacha makusudi, tutafakari."

"Sikuacha makusudi." Ainebyona alikuwa ameinuka kwenye stuli. "Ni hivyo nilivyosimuliwa, mama. Baba yangu ndiye alinionyesha miguu. Alinitembeza uani na mpini begani wiki nzima, mpaka nikashika. Na shuka ni yeye aliyesema niiweke."

Dafroza alisogea mbele ya meza. Alikuwa akitazama kile kisanduku. Benitha, ambaye sasa alikuwa ameona buti, alimshika bega.

"Hicho cha kifuani," Dafroza aliuliza, "ni kitu gani?"

"Redio. Baba alisema yule wa mbele alikuwa na redio shingoni safari nzima, na hakukubali kuiacha."

Dafroza aliketi sakafuni. Aliketi kabisa, miguu imenyooka mbele, na gauni lake la Jumapili.

"Mama, presha?" Benitha alipiga magoti. "Leteni maji! Mama, umekunywa dawa?"

"Sina presha. Niache." Macho yake hayakumwacha yule kijana. "Ndyamukama alikuwa ameinunua wiki ileile. Alisema akiiacha nyumbani itaibiwa. Tukapanda mlima mzima mimi nalia na redio inatangaza bei ya pamba." Akavuta pumzi. "Buti la baba yako lilibaki wapi?"

Ainebyona alikitupia jicho kibao. Kwenye kibao hakukuandikwa lolote kuhusu buti, na alikuwa hajamweleza mtu. "Kwenye kinamasi," alisema. "La kulia. Umejuaje kwamba lilibaki mahali?"

"Baba yako yuko hai?"

"Yuko hai kabisa. Jana amegombana na mbuzi."

"Anaitwa nani?"

"Kahigi. Cleophace Kahigi."

Dafroza alilirudia jina lile polepole, mara mbili. Benitha alikuwa ameanza kulia. Wageni wengine hawakuelewa, na Rwezaura, ambaye naye hakuelewa, alikuwa na busara ya kuwapeleka kwenye sanamu ya kumi.

Walipobaki watatu Dafroza alionyesha kibao kwa kidole. "Sasa niambie. Mlichelewa wapi?"

Ainebyona alisimulia alivyosikia tangu utotoni. Baba yake alikuwa amemaliza kazi ya mwezi mzima ya kupasua mbao za kanisa, akirudi Kimuli, alipowakuta watu njiani na machela. Waliufikisha mzigo wao hospitali. Usiku huo alilala mjini Omurushaka akisubiri lori la Kyerwa. Asubuhi, akiwa kando ya barabara, aliwaona wanaume wakitoka upande wa hospitali na machela ileile, yenye kamba za bluu kwenye mipini. Mbele alikuwa yule mwenye redio, imezimwa. Juu ya machela kulikuwa na mtu aliyefunikwa mpaka kichwani.

"Alivua kofia akainamisha macho mpaka wakapita," Ainebyona alisema. "Yule mama alikuwa amekufa, na mtoto wake tumboni. Baba hajawahi kuisimulia habari hii ikaisha vizuri."

"Nani alikufa?" alisema Dafroza. "Mimi nimekunywa uji leo asubuhi."

Mchongaji alimtazama yeye, kisha akamtazama Benitha, kisha sanamu, kana kwamba ameambiwa mmoja wa wabebaji wake ametikisa mkono.

"Na mtoto wa tumboni ni huyu hapa," Dafroza aliongeza, "anafundisha sekondari na hataki kuolewa."

"Mama, hiyo imeingiaje hapa?"

Lililobaki lilikuwa swali moja, na aliyeweza kulijibu alikuwa Ndyamukama, ambaye sasa ana miaka sabini na miwili. Benitha alimpigia na kuweka simu kwenye spika.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Mbona asubuhi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama anataka kukuuliza. Siku ile mliponibeba—"

"Tulimbeba mama yako. Wewe ulikuwa mzigo wa ziada."

Dafroza aliinyakua simu. "Ndyamukama, mliporudi kesho yake mlibeba nini?"

"Tulibeba mzee. Wa Katanda, au wapi kule, alifia wodi ya wanaume. Watoto wake walikuwa wawili tu, wakaona tuna machela tupu na tunaelekea upande wao, wakaomba. Ungewakatalia? Tukambeba mpaka kwao, Gaudiosus tukamwacha na wewe. Kwa nini?"

"Kuna mtu aliwaona, akadhani ni mimi."

"Nani?"

"Wa buti moja."

"Mbona hakutuita?" Ndyamukama alisema, kisha akajijibu mwenyewe: "Angetuitaje."

Katika sehemu hizi watu waliobeba maiti hawaitwi. Ukikutana nao unatoka barabarani, unavua kofia, unatazama chini, na huulizi ni nani, kwa sababu wenye msiba watakueleza wakitaka. Kahigi alifanya lililompasa. Kama angekuwa mtu asiye na adabu, angejua ukweli asubuhi ileile.

Ainebyona alitaka kumpigia baba yake papo hapo. Dafroza alikataa. Alisema jambo lililokaa miaka thelathini haliendi kwa vocha ya simu, na kwamba mzee wa namna hiyo angedhani anatapeliwa. Wakakubaliana Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Jumapili ile mchongaji aliwachukua kwa pikapu aliyokuwa ameazima kuhamishia sanamu. Nyuma kulikuwa na mkungu wa ndizi, jogoo mweupe aliyefungwa miguu, na debe la maharage. Benitha alikuwa amependekeza wamnunulie mzee buti jipya.

"La kulia tu?" mama yake aliuliza, na wakacheka hadi walipovuka mpaka wa wilaya.

Njiani Ainebyona aliwaambia jambo ambalo hakulisema ukumbini. Baba yake hajawahi kubeba tena. Kimuli nako kuna watu wa engozi, hadi leo, kwa ajili ya nyumba za mlimani ambako bodaboda haifiki. Kahigi ndiye huwachongea mipini, anaisugua mpaka inateleza, na hawadai chochote. Lakini zamu yake ilipofika, alimtuma mtu mwingine, kisha mwingine, hadi watu wakaacha kumwita. Wapo waliomwita mwoga mbele ya watoto wake. Hakujibu.

"Na wewe ulipochonga hii, alisemaje?"

"Alisema miguu iko sawa."

Walifika saa saba. Cleophace Kahigi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, msumeno magotini, akiunoa meno kwa tupa, moja baada ya jingine. Ana miaka sabini na sita, ni mfupi, na mabega yake bado ni mapana kuliko mwili unavyostahili. Aliwatazama wanawake wawili waliovaa vizuri wakishuka kwenye pikapu, akatazama jogoo, akamtazama mwanawe.

"Umeniletea wakwe?" alisema. "Bila taarifa?"

"Hapana, Baba. Wageni."

Dafroza alipiga magoti kwenye vumbi, kama wanawake wa huku wanavyowasalimia wakubwa wao. "Shikamoo, waitu," alisema, kwa neno la heshima la huku.

"Marahaba. Inuka, mama, karibu kiti. Sikujui."

"Unanijua. Nilikutukana."

"Wengi wamenitukana. Ilikuwa kuhusu mbao?"

"Kuhusu mguu. Tulikuwa tunapanda kutoka kinamasini, wewe uko kushoto nyuma, karibu na kichwa changu. Nikasema yeyote mwenye mguu unaonuka tope aende mbele, nisife na harufu hiyo puani. Mume wangu aliona aibu. Wewe ukasema—"

"Nikasema mguu ukinuka ni dalili uko hai," alisema Kahigi.

Alisema hivyo haraka, kama mtu anayejibu salamu, kabla hajasikia alichokisema. Kisha tupa ikamtoka mkononi. Hakuiokota. Alimtazama mwanawe, na Ainebyona akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi ni Dafroza wa Chonyonyo. Hawakuwa wamenibeba mimi asubuhi ile, mzee. Alikuwa mzee wa watu, aliyefia wodini. Walisaidia familia yake kwa sababu machela ilikuwa inarudi tupu. Mimi nilikuwa kitandani, nimeshonwa, nadai chai."

Mzee hakuzungumzia kifo.

"Niliwasimamisha," alisema. "Buti liliponasa. Lilikuwa jipya, sikuwa nimelivaa wiki mbili. Nikawaambia wasubiri, nikaanza kulivuta. Mumeo akaniambia liache, na mimi nikavuta tena. Robo saa, labda zaidi. Wewe unalia, mimi navuta buti. Kesho yake nilipoona ile shuka nilijua ni robo saa ile."

Benitha anasema hapo ndipo alipoelewa sanamu ile kuliko maelezo yote aliyosikia ukumbini.

Dafroza alikuwa bado amepiga magoti. "Nilikuwa silii," alisema. "Mlipoweka machela chini, uchungu uliniachia. Tangu alfajiri ilikuwa mara ya kwanza kupumua. Nilitazama mbingu, nikasema nikifa hapa pia ni sawa, na nilipoona sijafa nikapata nguvu. Nilikuwa naomba buti lisitoke. Kabla yako walikuwa watatu, mzee, na watatu hawabebi. Ningebaki pale bondeni. Nimekutafuta mimi, mume wangu amekutafuta mpaka amezikwa. Nimekuja kusema asante. Yeye pia anasema asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningelijua ningelileta."

"Inuka, mama," alisema Kahigi. "Inuka, nisije nikalazimika kukubeba tena. Mabega yameisha."

Dafroza aliinuka akicheka na kufuta uso kwa ncha ya kitenge. Jogoo alikabidhiwa. Benadeta, mke wa mzee, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi na kusikia sehemu kubwa ya habari, aliweka mwiko chini. Aliingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akampa Dafroza kwanza, kabla ya mume wake.

Kwa muda wote huo Kahigi alikuwa bado hajamtazama Benitha usoni. Alikuwa amemwona, kama unavyomwona mtu aliyeongozana na mgeni. Sasa aligeuza kigoda.

"Na huyu?"

"Shikamoo, Babu," alisema Benitha, naye akashuka magotini. "Mimi ndiye niliyekuwa ndani."

Mzee alimwambia asogee. Akamtazama kama mtu anayetazama gogo kabla ya kulipasua, akitafuta mistari inakokwenda. Kisha akaanza kuuliza. Alizaliwa saa ngapi? Alikuwa na uzito gani? Alianza kutembea lini? Benitha alimtazama mama yake kwa majibu ya mwanzo, baadaye akajibu mwenyewe. Aliwahi kuugua surua? Alivunjika mfupa wowote? Nani alimfundisha kusoma? Alipofaulu darasa la saba walichinja nini? Alipoanza kidato cha kwanza alisindikizwa na nani?

Chakula kilikuja, ndizi na maharage, na mzee alikula akiuliza. Ainebyona, ambaye maisha yake yote alimjua baba yake kuwa mtu wa maneno machache, aliacha kula akabaki akimsikiliza.

Saa kumi na nusu Dafroza aliomba njia. Barabara ilikuwa ndefu, na kesho yake ilikuwa Jumatatu, Benitha alikuwa na vipindi.

"Bado," alisema Kahigi. Alikuwa amemshika Benitha kifundo cha mkono, kwa upole. "Tumefika kidato cha pili tu. Kaeni. Mwalimu, endelea: hesabu ulipata ngapi?"